Banio Moja, Mifereji Miwili

Wako watu wanaodhani kwamba kujaribu toleo jipya la programu kando ya toleo la zamani ni jambo lisilo na madhara. Husema, "Tunaliweka pembeni tu, likitushinda tunalifuta." Maneno hayo nimeyasikia Arusha mjini, nikayasikia Tengeru na Usa River, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye kesho yake hatakuwapo ofisini. Mimi nayapinga.

Hebu msomaji aitazame miteremko ya Meru. Wakulima wa huko wana mifereji tangu zama za mababu, na sijapata kumwona hata mmoja anayechimba mfereji wa majaribio kwenye banio la zamani, kisha akawaambia majirani kuwa hautawagusa. Angeitwa kwenye kikao siku hiyo hiyo.

Programu nazo zina banio. Chukua LibreOffice, ambayo ofisi ndogo huipenda kwa kuwa haidai ada. Katika Linux, vifurushi vya watengenezaji wenyewe huweka kila toleo chini ya /opt, kwenye folda yenye namba yake. Ukitazama, unaona nyumba mbili zilizotengana kabisa. Lakini mipangilio ya mtumiaji haikai huko. Inakaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .config, ndani yake libreoffice, na ndani yake tena folda iitwayo 4. Hiyo 4 imebaki tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013. Likaja la 5, likaja la 6, likaja la 7, na yote yameandika humo humo.

Na humo mna nini? Mafundi huita "mipangilio", kana kwamba ni rangi ya dirisha tu. Kumbe mna kamusi binafsi ya mwandishi, violezo vya barua, na makro alizozitunga kwa miaka.

Mwaka 2022 nilikuwa katika ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja. Katibu wake, mama wa makamo, alikuwa na makro inayogawa malipo kwa kilo na kukata deni la pembejeo la kila mwanachama. Kijana wa mjini alikuja akaweka toleo jipya "pembeni", akalifungua, akalisifu, akaondoka. Kesho yake la zamani likagoma kufunguka. Kwa simu akamwelekeza mama aanze katika hali salama na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa mwanzo. Likafunguka. Makro hakuna, kamusi hakuna.

"Mama, usiwe na wasiwasi, data zote zipo."

"Zipo, mwanangu. Nani atazigawa?"

Wanachama walikuwa wamekaa kwenye benchi nje. Siku tatu mama yule alihesabu kwa kikokotoo, na kila aliyepunguziwa deni kidogo kuliko jirani yake alitiliwa shaka. Hasara hiyo haimo katika faili lolote.

Watetezi watasema folda moja ni wema: anayehama toleo asipoteze vitu vyake. Ni kweli, kwa anayehama. Lakini anayejaribu hahami. Yeye anataka kurudi. Toleo jipya hujua kuyasoma ya zamani, ila la zamani halikufundishwa kuyasoma yatakayokuja. Wala si kweli kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Firefox, kuanzia toleo la 67 la mwaka 2019, huipa kila programu iliyowekwa wasifu wake, na toleo la zamani likikuta wasifu uliokwisha kutumiwa na jipya, humzuia mtumiaji na kumwambia atengeneze mwingine. Basi wengine wanangoja nini?

Wengine watasema mama angekuwa na nakala ya akiba. Nakala ya nini? Alikuwa na nakala za majedwali yake yote kwenye flashi. Hakuna aliyemwambia kwamba makro zake zinalala kwenye folda asiyoiona.

Na dawa yenyewe ni ndogo mno, jambo linalonikera zaidi. Ndani ya folda ya program ya toleo jipya kuna faili liitwalo bootstraprc. Lina mstari wa UserInstallation. Elekeza mstari huo kwenye folda nyingine kabla ya kulifungua toleo mara ya kwanza, na kila moja litakunywa kwake. Usipofanya hivyo, hata jaribio lenyewe si jaribio: la zamani likiwa wazi, ukiita jipya huenda ukaletewa dirisha lingine la lile la zamani, nawe ukalisifu kwa upya wake!

Kwa hiyo nawaambia viongozi wa vyama, kuanzia Akheri hadi Ngarenanyuki: fundi akija na toleo jipya, kabla hajapewa kiti aulizwe mipangilio yake itaandikwa folda gani. Akijibu "haina shida", apewe chai, arudi mjini.