Utani ulipofunika tangazo la mgonjwa

Jumanne moja saa saba mchana niliweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Mama mdogo alikuwa amelazwa, upasuaji umepangwa kesho yake asubuhi, na hospitali ilitaka ndugu wawili wakachangie damu, kundi lolote, kabla ya saa kumi jioni. Tuko watu 83 mle ndani na admini ni mimi.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mtoto wa mjomba. Kila ukoo una mtu kama yeye. Aliandika: "Kundi lolote? Hata la kikoba?"

Nilicheka, siwezi kukataa. Shangazi mmoja akaweka vikatuni vya kicheko. Mwingine akasema damu nyekundu ni ya Simba, kwa hiyo wa Yanga wasijisumbue kwenda. Hapo watu wa Yanga wakaamka. Ilipofika saa tisa kulikuwa na majibu zaidi ya sitini na tangazo langu liko huko juu ambako hakuna anayepanda kuangalia. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi jirani kabisa na hospitali alifungua simu wakati ule ule, akakuta mabishano ya penalti, akaifunga. Hakwenda mtu. Upasuaji ukasogezwa hadi Ijumaa.

Usiku ule, kwa hasira, nilimtoa binamu kwenye kundi bila kumwambia neno.

Asubuhi nikakumbuka kwamba anayepeleka uji hospitali kwa bajaji yake, bila kudai hata hela ya mafuta, ni yeye. Mkewe akanipigia: "Wifi, tumekosa nini?" Na mama mdogo, pale pale kitandani, akauliza mbona simu yake siku hizi haina vicheko.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu najua wasomaji wangu wengi ni maadmini wa makundi ya ukoo, ya jumuiya au ya wazazi wa shule, na balaa hili mnalo. Utani wenyewe si kosa. Sisi tumelelewa nao, na mabinamu wana ruhusa zaidi ya wengine. Hata msibani, kwa makabila kadhaa, mtani anaweza kushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Lakini akishapewa anatoka, na maziko yanaendelea. Sijawahi kuona maiti ikirudi nyumbani kwa sababu ya mtani. Pale kaburini daima yupo mtu mzima wa kusema, "Haya mtani, chukua, tupishe."

Kwenye kundi letu mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Niliweka tangazo nikaenda kupika.

Siku hizi nafanya hivi. Utani wa kwanza ukiingia, sinuni. Naandika hapo hapo chini yake: "Nimecheka. Sasa nataka majina mawili, nani anakwenda?" Kisha nawataja kwa majina walio karibu na hospitali, maana tangazo la watu wote huwa halina mwenyewe. Tena tangu mwishoni mwa 2023 WhatsApp inaruhusu kubandika ujumbe ukakaa juu ya kundi kwa saa 24, siku saba au siku 30. Watu wataniane chini wawezavyo, tangazo linaonekana.

Kufuta utani wa mtu sikushauri. Admini anaweza, ila inabaki alama kwamba admini kafuta ujumbe, na kundi zima linaanza kuulizana ulikuwa unasema nini. Umefungua mjadala mwingine! Nafuta pale tu mtu anapomcheka mgonjwa au aliyefiwa, na nikifuta nampigia simu mhusika palepale. Kulifunga kundi ili waandike maadmini peke yao nilijaribu mara moja, nikagundua kwamba hata yule ambaye angejibu "mimi nakwenda" nimemziba mdomo.

Na maneno ya "TUHESHIMIANE JAMANI" kwa herufi kubwa, mbele ya wakwe na watoto, yaacheni. Mtu mzima akiaibishwa mbele ya watu 83 ataondoka au atanyamaza, na mkinyamaziana kwenye kundi la ukoo mtapata habari za wagonjwa wenu kwa majirani.

Binamu nilimpigia siku ya tatu. Nilianza mimi kuomba radhi kwa kumtoa kimya kimya, ndipo nikamweleza kilichompata shangazi yake. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Dada, watu sitini walijibu. Nikajua katika hao, wawili lazima wamekwenda."

Sikuwa na la kumjibu. Nami nilidhani hivyo hivyo nikiwa jikoni.

Alhamisi alikwenda yeye na yule kijana. Ijumaa mama mdogo akafanyiwa upasuaji, sasa yuko nyumbani anaendelea vizuri.

Mwezi uliopita nikaweka tangazo jingine, bibi anatakiwa kupelekwa kliniki ya macho na wanahitajika wawili wa kumsindikiza. Binamu akawa wa kwanza tena: "Bibi aachwe, akipona macho ataona tulivyozeeka." Kabla sijaandika kitu, ukaingia ujumbe wake wa pili: "Mimi nakwenda na bajaji. Bado mmoja."