Damu ya Watoto Ipimwe Kwanza

Mtoto wa kwetu pwani, jino lake la utoto ling'okapo, aghalabu hulitupa juu ya paa akaomba apewe jipya, na habari ya jino hilo hukomea hapo. Lakini katika miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston nchini Marekani, tabibu Herbert Needleman aliwaomba watoto wa madarasa ya chini wampe meno yao, akapima ndani yake risasi. Si risasi ya bunduki, bali yale madini laini ya kijivu ambayo zamani yalitiwa katika petroli na rangi za kuta, na ambayo hata leo yamo katika betri za magari. Mwaka 1979 alitangaza aliyoyaona: watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi, ingawa hawakuonekana wagonjwa, walikuwa nyuma ya wenzao katika mitihani ya akili, na walimu wao, ambao hawakujua mna nini menoni, waliwataja kuwa ndio wasiotulia darasani.

Alipingwa kwa miaka mingi, hata akatuhumiwa udanganyifu katika ilmu yake, akachunguzwa, akatoka safi. Petroli ya risasi ilipopunguzwa huko Marekani, risasi katika damu ya watu ilishuka kwa zaidi ya theluthi kati ya 1976 na 1980. Nchi za kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006, na Aljeria, ya mwisho ulimwenguni, mwaka 2021.

Petroli ya risasi imekwisha, ila betri zimebaki. Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mombasa, ulipakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi wake ulitua juu ya mabati hata yakaliwa, na maji yake machafu yakapita mlemle walimocheza watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alihangaika na ugonjwa wa mwanawe mchanga usiojulikana asili yake, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ilipotenguliwa katika rufani, Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024.

Naifurahia hukumu hiyo, lakini roho yangu haitulii nikikumbuka kwamba ithibati ya kwanza ililetwa na mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, ilhali waliokabidhiwa dhamana ya kulinda siha ya raia walikuwa na mamlaka yote ya kupima kabla yake.

Na risasi haingoji. Mwili huidhania kuwa ni ile chokaa ijengayo mifupa, ukaihifadhi mifupani miaka na miaka, hata mwanamke akichukua mimba ikatoka na kumfikia aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima katika kiasi kile kile alichomeza. Na Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango kijulikanacho kuwa salama. Kungoja dalili, basi, ni kungoja madhara yasiyotibika.

Nimemwona kijana kando ya barabara akipasua betri kwa shoka, tindikali ikitiririka mtaroni, na mdogo wake akiokota vipande kwa mikono mitupu, kisha kwa mikono iyo hiyo akala muhogo wa kuchoma. Nani ameipima damu ya mtoto yule?

Nasema sharia iagize kwamba popote palipo tanuri au yadi ya betri, watoto wa chini ya miaka mitano wa jirani wapimwe kila mwaka, matokeo yatangazwe mtaani bila kutaja majina, na leseni isihuishwe damu zao zikionyesha kuwa risasi inapanda. Wako watakaosema fedha hazitoshi. Nawaomba wahesabu tena fidia ya Owino Uhuru, waongeze miaka ya mahakamani, na watoto ambao fidia haiwarudishii walichopoteza. Zahanati zipo. Mama amekwisha kuketi kwenye benchi, kadi ya chanjo mkononi, mwanawe anasubiri kutiwa mizanini. La kuongeza ni tone moja la damu, na afisa aliyelazimishwa na sharia kuyasoma majibu yake.