Afya ya Nyumbani: Bomba la Maji Machafu Linapoziba

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kwa bomba la maji machafu neno hilo hugeuka: asiyezibua mapema atavunja sakafu. Jambo hili lawahusu sana wenyeji wa Isiolo, kutoka Bula Pesa hadi Kulamawe, kwa kuwa nchi ile ni kavu na mchanga wake ni mwingi.

Maji ndiyo yabebayo uchafu. Yakiwa haba, uchafu hubaki njiani. Sufuria zikisuguliwa kwa mchanga na jivu, na maji yake yakamwagwa karoni, mchanga hutua chini ya bomba. Juu yake hushika mafuta ya nyama, ambayo huingia yakiwa moto na kuganda yakipoa. Majani ya chai na nywele humaliza kazi. Tena kuna ujenzi mbaya: bomba la upana wa inchi 4 lafaa lishuke inchi 1 kwa kila inchi 40 za urefu wake.

Mwenye nyumba na atambue kwanza mahali palipoziba. Likiwa ni karo moja tu lisilopitisha maji, kizuizi ki karibu, pengine katika ule mpindo ulio chini yake. Na aweke ndoo chini, afungue mpindo, autoe uchafu. Mpindo huo usiondolewe kabisa, maana maji yanayobaki ndani yake ndiyo yazuiayo harufu isipande nyumbani. Alexander Cumming alipewa hati ya ubunifu wa mpindo wa namna hiyo huko London mwaka 1775. Wakati wa joto maji hayo hukauka. Basi karo lisilotumika litiwe kopo la maji kila juma.

Yakiwa makaro yote yamegoma, tatizo li katika bomba kubwa. Vifunuliwe vishimo vya kukagulia, ambavyo mafundi huviita chemba. Kimoja kikiwa kimejaa na kinachofuata ki kitupu, kizuizi ki katikati yao. Hapo hutumika fimbo za kuunganishwa, nazo zizungushwe daima kuelekea mkono wa kuume. Zikizungushwa kushoto hufunguka, na kipande kikabaki ndani kuwa kizuizi cha pili.

Kuna mambo mawili ya hatari. La kwanza ni dawa kali. Dawa ya kung'arisha nguo ikichanganyika na asidi hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza mapafu. La pili ni kuingia shimoni. Hewa ya uchafu hunuka kama mayai viza, lakini ikizidi huifisha pua, na mtu hudhani kwamba imekwisha. Huanguka ghafula, na mwenzake ashukaye kumwokoa humfuata kaburini. Kwa hiyo kazi ifanywe kutoka juu. Shimo refu liachiwe watu wenye vyombo vyake.

Wengine husema kwamba maji machafu yakifurika uani ni aibu tu, wala si ugonjwa. Hayo si kweli. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha huko London kwamba kipindupindu kilienea kwa maji ya kisima cha Broad Street. Baadaye shimo la uchafu lilionekana likivuja karibu nacho. Penye maji ya mfereji yatolewayo kwa zamu, hatari ni kubwa zaidi: bomba la maji safi likiwa tupu na lenye ufa, huweza kuvuta ndani uchafu uliotuama juu yake. Hivyo uzembe wa nyumba moja huweza kunywewa na mtaa mzima.

Kinga yake haina gharama. Mafuta yafutwe kwa karatasi kabla ya kuosha vyombo. Mchanga na makombo vimwagwe jaani. Karo liwekwe chujio. Maji ya paa yasielekezwe katika bomba la uchafu, kwa maana mvua ya Machi au ya Oktoba itakaponyesha, chemba zitafurika. Na majirani wengi wakipatwa pamoja, mmoja wao asisite kuwaarifu wasimamizi wa maji machafu, kwani kizuizi hicho ki nje ya ua wake, lakini madhara yake yatamrudia mlangoni.