Noti za Jirongo

Husemwa mara nyingi miongoni mwa wapenda mageuzi ya kwamba uchumi ukianguka, rais aliye madarakani huanguka nao. Novemba 1992 George Bush aliondolewa na wapiga kura wa Marekani waliochoshwa na hali ngumu ya uchumi. Majuma manane baadaye, hapa kwetu, mambo yalikwenda kinyume.

Hali ya Kenya mwaka huo haikustahili kumpa kiongozi yeyote ushindi. Wafadhili waliokutana Paris Novemba 1991 walikuwa wamezuia misaada, na ukuaji wa uchumi ulikuwa umekwama. Hata hivyo, Desemba 29, 1992, Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Mgawanyiko wa Matiba, Kibaki na Odinga umejadiliwa hata umetuchosha. La fedha ndilo husahauliwa.

Fedha zilichapishwa. Kupitia kashfa ya Goldenberg, serikali ililipa mabilioni kama fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwako. Vijana wa YK '92 waligawa noti za shilingi 500 kwa wingi hata wananchi wakaipachika noti hiyo jina la mwenyekiti wao, Jirongo.

Katika jiji letu noti hizo hazikufua dafu. Dagoretti, ambamo Satellite imo, ilimchagua mbunge wa Ford-Asili, na KANU ikaambulia kiti kimoja tu kati ya vinane, cha Westlands. Lakini sheria iliyopitishwa mwaka uo huo ilimtaka mshindi apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Moi aliipata mitano hiyo bila Nairobi.

Deni lilifika mwaka 1993. Shilingi, iliyokuwa takriban 36 kwa dola mwishoni mwa 1992, ilivuka 60. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 46. Ili kuzirudisha noti zilizozagaa, Benki Kuu iliuza hati za hazina kwa riba iliyopita asilimia 70. Ni mfanyabiashara gani wa Kawangware angekopa kwa riba ya namna hiyo? Mkaazi wa Satellite aliyeikataa noti alinunua unga kwa bei ile ile ya aliyeipokea.

Mwaka 1997 njia ilikuwa nyingine. Walimu waliogoma waliahidiwa nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, Moi akashinda tena, na mwaka 1998 serikali ikasema haina fedha za kuimaliza.

Agosti 2027 Rais aliye madarakani anaweza kuomba muhula wa pili, na wengi wetu tunaamini ya kwamba hasira ya Juni 2024 juu ya Mswada wa Fedha itatosha kuamua. Hatukubaliani nao. Miezi ya mwisho kabla ya kura ina uchumi wake yenyewe. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais kwa kanisa la Soweto, na tunalipongeza. Lakini kurudisha bahasha hakutoshi bila kujua ilikotoka. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya serikali kila robo mwaka, wazi kwa kila mwananchi. Kamati za Haki na Amani zianze kuzisoma sasa, kabla magunia ya unga hayajawasili.