UDONGO UKIONDOKA, UNGA HUPANDA BEI



Wakati wa masika mto Nzoia hupita Budalang'i ukiwa mwekundu. Ule ni udongo wa mashamba ya juu unaokwenda Ziwani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lasema sentimita 2 au 3 za udongo zaweza kuchukua miaka 1,000 kufanyika.

Jambo hili lahusu mshahara wetu. Shamba likikosa rutuba, unga hununuliwa dukani. Hapa Busia na Malaba twategemea mahindi ya Uganda, lakini Machi 2021 Kenya iliyazuia kwa ajili ya sumu ya kuvu.

Wazee walichukia matuta kwa kuwa yalikuwa amri ya mkoloni. Leo shamba ni letu. Kila mwanachama aendaye likizo achimbe makingamaji, apande majani ya tembo ukingoni. Nyongeza ya mshahara hairudishi udongo.