Kipimo cha Mkate Kinapopanda Mlima
Mkate uliokandwa Mbeya kwa kipimo cha Milola, mkoani Lindi, huumuka kwa pupa, kisha hubonyea katikati. Unga ni ule ule, hewa si ile ile. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo gesi ya hamira hutanuka zaidi na kulivuta donge kupita uwezo wake. Hamira hupunguzwa kwa robo hivi, na donge likishaumuka hukandwa tena kabla ya kuokwa. Baridi ya huko nayo hudanganya: hamira huchelewa kuamka, mpishi huongeza kijiko, na mkate huharibikia hapo. Litazamwe donge, si saa. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na kukauka upesi, kwa hiyo huongezwa kidogo kidogo, na moto wa tanuri hupandishwa ili ganda lishike mapema. Kumlaumu muuza hamira ni uonevu. Kosa ni la kitabu cha mapishi kisichotaja mwinuko. Mkate wa kumimina, wa mchele na tui, ni dhaifu zaidi, kwani mchele hauna gluteni ya kushikilia gesi. Huo huingia motoni mara tu mapovu yanapojaa.