Ufa wa Mji Mkongwe Uzibwe kwa Chokaa

Kila masika yanapoingia, wakaazi wengi wa Mji Mkongwe wa Unguja hawalali usingizi wa raha. Mvua ikishuka usiku, ndoo na masufuria hupangwa chini ya dari, watoto huhamishwa chumba, na asubuhi vipande vya lipu huzolewa sakafuni. Mambo haya yamekuwa ya kawaida mno hata hayamshangazi mtu tena, na hilo ndilo linalotutia hofu.

Onyo tumekwisha kulipata. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba mashuhuri kama lile, katika mji ulioingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, liliweza kuanguka, ipo salama gani kwa nyumba ya kichochoroni ambayo hakuna mgeni anayeipiga picha?

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali haikutuambia ufa uzibwe kwa kitu gani, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa udongo na chokaa. Kuta zake ni nene, mara nyingi nusu mita au zaidi, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji, lakini pia huyatoa. Mvua ikikatika na upepo ukavuma, unyevu hutoka taratibu kupitia lipu ya chokaa. Waashi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana kuta zilipakwa chokaa upya mara kwa mara.

Leo mwenye nyumba akiona doa la maji humwita fundi, naye hupiga lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta juu yake. Kwa miezi michache ukuta hupendeza. Kumbe maji yamefungiwa ndani! Yakikosa pa kutokea hupanda juu, chumvi huifumua lipu kwa nyuma, udongo ulioshika mawe hulainika, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani huoza pasi na mtu kuviona. Siku dari inapoanguka, tunailaumu mvua.

Dawa ya nyumba iliyolowa ina utaratibu wake, na wa kwanza ni kukizuia chanzo. Hakuna maana ya kukausha ukuta ambao juu yake bati limetoboka, mchirizi umeziba kwa majani, au bomba la jirani linavuja usiku na mchana. Miche iliyoota ukutani nayo ing'olewe ingali midogo, kabla mizizi haijatenganisha mawe.

Pili, ukuta upewe nafasi ya kupumua. Ukiwa umetuna au umepinda, uwekewe kwanza nguzo za kuushikilia kwa uangalizi wa fundi anayezijua nyumba hizi. Kisha lipu ya saruji ibanduliwe kwa uangalifu mpaka juu ya alama ya unyevu, na milango na madirisha yaachwe wazi kila siku ya jua. Ukuta mnene haukauki kwa wiki moja; huchukua miezi mingi, na pengine mwaka mzima. Anayepaka rangi juu ya ukuta mbichi anatupa fedha zake.

Tatu, boriti zichunguzwe pale zinapoingia ukutani. Kisu kikizama kwa urahisi, boriti imekwisha, na ibadilishwe. Mwisho kabisa ndipo ukuta ujazwe na kupigwa lipu ya chokaa kwa matabaka membamba, kila tabaka likitunzwa lisikauke kwa pupa ya jua.

Tunajua jibu la wengi: chokaa inachelewa, waashi wake wamepungua, na mpangaji maskini hana pa kuhamia wakati ukuta unakauka. Hoja hizi ni za kweli, wala hatuzibezi. Tunajua pia kwamba nyumba nyingine zina warithi wengi, kila mmoja akimngoja mwenzake atoe fedha za paa, na paa halimngoji mtu. Lakini gharama ya kuzibua mchirizi haiwezi kulinganishwa na gharama ya kuzika watu.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ikague mapaa na michirizi kila mwaka kabla ya masika, si baada ya maafa. Vijana wapelekwe kujifunza kwa waashi wa chokaa waliobaki, wakati wazee hao wangali hai, na chokaa iliyokwisha kuzimwa na kuiva iuzwe kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida ataimudu. Nao wenye nyumba, iwe ni Serikali, wakfu au watu binafsi, watambue kwamba kupokea kodi bila ya kutengeneza paa ni kuuza usalama wa mpangaji.

Wapangaji nao wana wajibu wao. Wasingoje dari ilie. Doa dogo liripotiwe siku linapoonekana.

Wazee wetu walituachia nyumba zenye uwezo wa kunyeshewa na kukauka kwa zaidi ya miaka mia. Itakuwa aibu kwetu zikifa mikononi mwetu, si kwa wingi wa mvua, bali kwa haraka zetu.